Uzio wa bwawa la nyumbani Queensland: ukague mwenyewe kabla ya mkaguzi

Hapa Queensland, nyumba yenye bwawa uwani si ya matajiri peke yao. Mitaa ya Logan, Ipswich na Toowoomba, ambako Wakongo na Warundi wengi wamefikia, ina nyumba za kupanga za bei ya kawaida zenye bwawa nyuma, na dalali hulitaja kwa haraka baada ya kiyoyozi na gereji. Lakini bwawa linakuja na sheria yake. Tarehe 1 Desemba 2009 jimbo lilianza kubadili sheria hizo kwa awamu, na tangu 30 Novemba 2015 hakuna tena utetezi wa "uzio wetu ni wa zamani". Kila bwawa la nyumbani, liwe limechimbwa mwaka gani, linapimwa kwa kiwango kimoja kinachoitwa QDC MP 3.4, sehemu ya kanuni za ujenzi za jimbo.

Anayefikiriwa kwenye kiwango hicho ni mtoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto wa umri huo akizama hapigi kelele, wala harushi mikono kama tunavyoona kwenye sinema. Anatoweka kimya kimya. Uzio umewekwa kwa ajili ya zile dakika ambazo mama anadhani mtoto yuko na baba, na baba anadhani yuko na mama.

Nyumba nyingi tatizo lao si kukosa uzio. Uzio upo, cheti kipo, ila geti lililokuwa likijifunga lenyewe mwaka juzi leo linabaki wazi kidogo. Cheti cha bwawa la familia moja hudumu miaka miwili. Katikati hapo jua, mvua, mizizi ya miti na watoto wanaobembea kwenye geti vinafanya kazi yao, na mkaguzi hayupo. Ndiyo maana nashauri ukaguzi wa kwako mwenyewe kila mwezi, na tena kabla ya sherehe yoyote ya nyumbani. Haumalizi nusu saa.

Utahitaji tepu ya kupimia, kipande cha mbao chenye upana wa sentimita 10 kamili pande zote, fito iliyonyooka ya sentimita 90, na simu ya kupigia picha. Usitumie kipande cha bomba la plastiki la "mia" kutoka duka la vifaa vya ujenzi badala ya ile mbao: kwa nje bomba hilo ni karibu sentimita 11, kwa hiyo litakudanganya kwamba nafasi ni ndogo wakati imeshazidi. Fomu za serikali huandika vipimo kwa milimita. Mimi natumia sentimita kwa sababu ndizo tulizozoea.

Hatua ya 1: Jua kama ulicho nacho ni bwawa kisheria

Wengi hujikwaa hapa. Lile bwawa la plastiki la kujaza upepo, linalouzwa madukani mwezi wa Novemba joto likianza, nalo linaweza kuwa bwawa mbele ya sheria. Linasalimika tu likitimiza masharti yote matatu: haliwezi kujazwa maji yenye kina cha zaidi ya sentimita 30, halibebi zaidi ya lita 2,000, na halina mfumo wa kuchuja maji. Likivuka sharti moja tu, linahitaji uzio kamili sawasawa na bwawa la zege. Angalia neno "haliwezi" kwenye sharti la kwanza: kipimo ni kina ambacho bwawa linaweza kuchukua, si maji uliyotia leo. Kulijaza nusu hakusaidii.

Ukinunua bwawa la namna hiyo ukiwa mpangaji, kwanza omba ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, halafu jiulize uzio utaujenga wapi na kwa pesa ya nani. Mara nyingi jibu la swali la pili linamaliza hamu ya kununua. Kama shida ni joto tu, chukua beseni la watoto la kina kifupi na ulimwage maji kila mkimaliza.

Beseni kubwa la maji ya moto linalowekwa barazani nalo ni bwawa. Kifuniko chenye kufuli hakitoshi hapa Queensland, hata kama muuzaji ameapa kwamba kinatosha. Majimbo mengine yana utaratibu tofauti, na ndiyo chanzo cha mkanganyiko.

Hatua ya 2: Geti, na usiharakishe

Kama una muda wa kukagua kitu kimoja tu, kagua geti. Ndilo sehemu pekee ya uzio inayotembea kila siku, kwa hiyo ndilo linalochakaa kwanza.

Lifungue mpaka mwisho, liachie, usiliguse. Linatakiwa lirudi lenyewe na komeo lijishike lenyewe. Rudia ukiwa umelifungua nusu. Kisha lifungue kidogo tu, kiasi cha upana wa vidole viwili, uliachie. Hili la mwisho ndilo linaloangusha mageti mengi: likitoka mbali linapata kasi ya kugonga komeo, lakini likitoka karibu halina nguvu, linaegemea tu. Kwa macho limefungwa. Mtoto akilisukuma kwa kidole linafunguka. Sheria inataka lijifunge kutoka hali yoyote, ikiwemo ile ya kuegemea kwenye komeo.

Likishajifunga, livute kuelekea nje bila kugusa komeo. Linyanyue juu kwa mikono miwili, ulitikise. Komeo likiachia kwa kunyanyuliwa, geti halifai.

Sasa tafuta sababu. Bawaba nyingi za mageti haya zina springi ndani na kitundu cha kukazia juu au chini. Unaingiza bisibisi, unabonyeza, unazungusha hatua moja, unajaribu tena. Kaza kidogo kidogo. Ukikaza kupita kiasi geti litapiga kwa kishindo na baada ya miezi michache komeo la plastiki litapasuka. Kama springi imefika mwisho na geti bado ni zito, nunua bawaba mpya jozi, usibadilishe moja. Wakati mwingine bawaba ni nzima na tatizo ni nguzo: imelala kidogo, komeo na mdomo wake havilingani tena. Weka pimamaji kwenye nguzo kabla ya kulaumu springi. Wakati mwingine ni udongo na kokoto vilivyojaa chini ya geti, na dawa yake ni koleo.

Makomeo mengi ya siku hizi yanashika kwa sumaku. Sumaku huvuta vumbi la chuma, hasa kama kuna mtu alikata chuma kwa grenda karibu. Lipanguse kwa kitambaa. Usipake grisi nzito kwenye bawaba wala komeo, maana inakusanya mchanga na kuganda. Dawa ya kupuliza ya silikoni inatosha.

Vipimo vya geti: lifunguke kuelekea nje, yaani mbali na bwawa. Kitufe au kishikio cha kufungulia kiwe angalau sentimita 150 kutoka ardhini, na angalau sentimita 140 juu ya chuma cha mlalo cha chini. Kama komeo liko chini ya hapo, linatakiwa liwe upande wa bwawa, angalau sentimita 15 chini ya ukingo wa juu wa geti, na likingwe kwa bamba lisilo na nafasi ya zaidi ya sentimita 1, linalofunika umbali wa sentimita 45 kuzunguka komeo. Kwa lugha rahisi, mtu mzima apitishe mkono kwa juu, mtoto asiweze kupitisha wa kwake katikati ya vyuma.

Na lile jiwe. Kila penye geti la bwawa kuna jiwe, kiti au kamba ya kulishikilia wazi siku ya nyama choma, eti watu wapite na masahani. Kuliacha geti wazi kwa kulizuia ni kosa kisheria, na uwe mwenye nyumba au mpangaji haijalishi. Mimi ningelitupa hilo jiwe mbali kabisa. Siku ya wageni ndiyo siku yenye watoto usiowajua tabia zao, na kila mtu mzima anadhani mwenzake anaangalia.

Hatua ya 3: Urefu na nafasi

Uzio wa ndani, ule unaotenganisha bwawa na sehemu nyingine ya ua, uwe angalau sentimita 120 kwenda juu. Pima ukiwa upande wa nje, ambako mtoto atakuwa amesimama, kuanzia ardhi ilivyo leo. Hapo ndipo tabia ya bustani inapokuponza: fundi alisimika uzio wa sentimita 120 kamili, baadaye mtu akamwaga matandazo ya magome ya miti ili pachanue, na sasa zimebaki 112. Uzio haujafupika, ardhi imepanda. Koleo tena.

Chini ya uzio nafasi isizidi sentimita 10. Mvua kubwa za kiangazi za huku huchimba udongo chini ya uzio kwa usiku mmoja, kwa hiyo pitisha mbao yako baada ya kila dhoruba. Kati ya nondo za wima pia isizidi sentimita 10. Jaribu mbao kwenye nondo zilizopinda, zile ambazo mbwa au mpira umezipiga: nafasi moja iliyotanuka inatosha kukuangusha.

Kama uzio una vyuma vya mlalo, umbali kati ya uso wa juu wa chuma cha chini na uso wa juu wa kile cha juu uwe angalau sentimita 90. Vikikaribiana zaidi ya hapo, umemjengea mtoto ngazi. Uzio wa wavu una masharti yake: matundu yasiyozidi milimita 13 yanakubalika kwenye uzio wa sentimita 120, lakini wavu wenye matundu makubwa kuliko hayo, hadi sentimita 10, unatakiwa uwe na urefu wa sentimita 180.

Uzio wa vioo unapendeza na unapitisha macho, nami naupenda kwa sababu hiyo. Ukague kwenye vishikio vya chini: skrubu zilizolegea, kutu ya kahawia ya maji ya chumvi au klorini, kioo kinachocheza ukikisukuma kwa kiganja.

Hatua ya 4: Eneo lisilopandika

Vipimo vya uzio peke yake havitoshi kama kuna kitu cha kupandia karibu. Sheria inataka nafasi tupu ya sentimita 90, inayopimwa kwa tao kutoka ukingo wa juu wa uzio kwenda nje na chini mpaka ardhini. Shika ile fito ya sentimita 90, weka ncha moja juu ya uzio, zungusha nyingine kuanzia juu kuelekea kwako hadi chini. Chochote ambacho fito inakigusa na ambacho mtoto anaweza kukanyaga au kushikilia, kiondoke.

Orodha hiyo hushangaza watu: vyungu vya maua, jiko la kuchomea nyama, baiskeli, ndoo iliyogeuzwa, bomba la maji lenye koki, matawi ya mti, mawe ya mapambo, pampu ya bwawa lenyewe. Vitu vinavyobebeka ndivyo vibaya zaidi, kwa sababu havipo siku ya mkaguzi na vipo Jumamosi. Viti vya plastiki vyepesi viwekwe mbali kabisa na uzio, maana mtoto wa miaka mitatu anaweza kuburuta kiti mwenyewe.

Upande wa ndani nako kuna sharti: kama nafasi kati ya nondo zinazidi sentimita 1, kusiwe na kitu cha kukanyagia ndani ya sentimita 30 kutoka kwenye uzio, kwa sababu mguu mdogo hupenya na kukikanyaga kutoka nje.

Hatua ya 5: Uzio wa jirani, kuta na madirisha

Pale uzio wa mpaka unapotumika kama uzio wa bwawa, unatakiwa uwe angalau sentimita 180, ukipimwa upande wako, na sentimita 90 za juu upande huo zisiwe na kitu cha kupandia. Uzio wa mbao wa kawaida una mapao ya mlalo, na mara nyingi yako upande wako. Lile la katikati ndilo tatizo. Huna haja ya kubomoa: mafundi hupigilia juu ya pao kipande cha mbao kilichokatwa mshazari wa nyuzi 60 au zaidi, mguu ukiwekwa hapo unateleza. Au pigilia bamba bapa lifunike mapao yote.

Uzio wa mpaka ni wa wawili, kwa hiyo zungumza na jirani kabla ya kushika nyundo. Kuna sheria ya jimbo ya mwaka 2011 inayohusu nyuzio za mipaka na miti, na inaeleza notisi na gharama. Lakini mlangoni, kwa maneno mawili ya heshima na picha ya tatizo kwenye simu, mambo mengi huisha bila sheria.

Ukuta wa nyumba unaweza kuwa sehemu ya uzio. Mlango unaotoka ndani ya nyumba moja kwa moja mpaka kwenye bwawa la nje haukubaliki, hata ukiwa na kitasa cha juu. Dirisha la chini linalofungukia bwawani lifungwe lisiweze kufunguka zaidi ya sentimita 10, au liwekewe nondo au wavu imara uliokazwa kwa skrubu, usiotoka bila kifaa. Wavu wa mbu wa kuchomoa kwa mkono hauhesabiki.

Hatua ya 6: Bango la huduma ya kwanza

Kila bwawa linatakiwa kuwa na bango linaloonyesha namna ya kumhuisha mtu aliyezama, lenye ukubwa usiopungua sentimita 30 kwa 30, lisiloharibiwa na mvua, mahali linapoonekana. Jua la Queensland hulifuta. Kama huwezi kulisoma ukiwa hatua mbili tatu, badilisha.

Kwa kuwa linaandikwa kwa Kiingereza, hakikisha bibi anayelea wajukuu anajua kilichomo: mtoe majini, piga 000 (namba ya dharura), mbonyeze katikati ya kifua mara 30 kisha mpe pumzi mbili, rudia bila kusimama, kwa mwendo wa mibonyezo 100 hadi 120 kwa dakika. Kwa aliyezama, zile pumzi ni muhimu sana, usiziruke.

Hatua ya 7: Makaratasi

Bwawa liandikishwe kwenye daftari la QBCC, tume ya ujenzi ya jimbo. Unaweza kutafuta anwani ya nyumba kwenye tovuti yao na kuona kama bwawa limesajiliwa na kama lina cheti. Fanya hivyo kabla ya kusaini mkataba wowote.

Cheti chenyewe ni Fomu ya 23. Hutolewa na mkaguzi mwenye leseni ya QBCC, na hudumu miaka miwili kwa bwawa la nyumba moja, mwaka mmoja kwa bwawa la pamoja kama la maghorofa. Nyumba yenye bwawa lake haipangishwi bila cheti hai: mwenye nyumba anatakiwa awe nacho kabla mkataba haujaanza. Omba nakala. Kwa kununua ni tofauti. Muuzaji anaweza kuuza bila cheti akitoa Fomu ya 36, na hapo mzigo unahamia kwako: una siku 90 baada ya kukabidhiwa nyumba kupata cheti. Bei ya nyumba kama hiyo ijadiliwe ukiwa umeshajua uzio una kasoro gani.

Mkaguzi akikuta kasoro hutoa Fomu ya 26, inayoorodhesha kila tatizo. Usikasirike, isome. Una miezi mitatu kurekebisha na kumwita mkaguzi yule yule arudi. Ndani ya muda huo huwezi kutafuta mwingine mpole zaidi. Muda ukipita bila kurudi kukagua, analazimika kuiarifu halmashauri. Mambo madogo, mfano kukaza bawaba au kubadili komeo, mkaguzi anaweza kuyafanya papo hapo ukikubali. Ukitaka kubomoa na kujenga uzio mpya kabisa, uliza halmashauri kwanza kuhusu kibali.

Wewe mpangaji hulipii bawaba iliyochoka kwa umri, lakini ni wajibu wako kuripoti mara moja. Piga video fupi geti likishindwa kujifunga, itume kwa wakala kwa barua pepe, si kwa simu tu, ukiandika tarehe. Mpaka fundi aje, lifunge geti kwa mnyororo na kufuli, na funguo ikae kwa mtu mzima mmoja.

Walioko majimbo mengine wasinakili tarehe zangu. New South Wales cheti ni cha miaka mitatu, Victoria mabwawa husajiliwa kwenye halmashauri na hukaguliwa kila miaka minne, Australia Magharibi halmashauri yenyewe huja angalau kila miaka minne. Vipimo vya uzio vinafanana kwa sehemu kubwa, lakini makaratasi na baadhi ya misamaha havifanani.

Na kama Kiingereza cha fomu kinakuchosha, piga 131 450, huduma ya taifa ya wakalimani. Sema "Swahili", taja ofisi unayotaka kuzungumza nayo, QBCC au halmashauri, nao watakuunganisha mkiwa watatu kwenye laini. Uwe na namba ya fomu na anwani ya nyumba mkononi.